Mabingwa wa Nyasi za Samuye

Mwezi Mei ndio wakati wa kwenda. Mvua zilizoanza Novemba zimekwisha au ziko ukingoni, nyasi za mbugani zimefika kiunoni na zimeanza kugeuka rangi, na udongo mweusi ambao mwezi Machi ungekuvua viatu sasa unakanyagika. Ukishafika Samuye, kilomita chache tu kutoka Shinyanga mjini, hakikisha umeingia kwenye nyasi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Chukua tochi, shuka jeupe na maji ya kunywa. Vaa suruali ndefu, maana upupu haumjui mgeni wala mwenyeji.

Orodha za wadudu waliovunja rekodi kwa kawaida huanza na ukubwa, na ukubwa ungetuondoa Samuye mara moja. Ungetupeleka kwenye misitu ya Uganda na Kongo kumtafuta mbawakavu Goliathus, ambaye buu wake anaweza kufikia gramu 100, kisha tungepiga picha na kurudi nyumbani bila kujifunza lolote. Mimi ukubwa haunishughulishi sana. Nimewachagua mabingwa ambao ama wanaishi kwenye nyasi hizi, ama ndugu zao wanaishi humu, ama habari zao zilipitia Shinyanga, na nimewafuata kwa jinsi giza linavyoingia.

Kabla hujaona kitu, utasikia. Taji la kelele linashikiliwa na Mwafrika: nyenje wa mitini aitwaye Brevisana brevis, aliyepimwa akipiga desibeli 106.7 kutoka umbali wa sentimita 50. Hiyo ni kelele ya msumeno wa mashine, na inatoka kwa mdudu anayeenea kwenye kiganja. Anayeimba ni dume peke yake, na haimbi kwa mdomo wala kwa kusugua miguu. Ana ngozi mbili ngumu ubavuni ambazo msuli unazivuta na kuziachia mamia ya mara kwa sekunde, na tumbo lake, ambalo kwa sehemu kubwa ni tupu, linaikuza sauti. Nyenje wa mitini hupenda miezi ya joto kali, kwa hiyo mwezi Mei wengi wao wamekwisha kunyamaza.

Jukwaa basi linabaki kwa chenene, na kwa maoni yangu chenene ni fundi kuliko nyenje. Nyenje anategemea mwili wake, chenene anajenga. Dume huchimba shimo lenye midomo miwili iliyopanuka kama tarumbeta, akalilainisha kuta, akasimama pale linapobana, mgongo nje, kisha akaanza. Mwaka 1970 mwanasayansi Mwingereza Bennet-Clark alichunguza chenene wa Ufaransa aitwaye Gryllotalpa vineae na kueleza jinsi shimo linavyofanya kazi ya kipaza sauti. Usiku uliotulia sauti yake ilisikika umbali wa mita 600. Ukitaka kumfikia chenene wa Samuye, nyata. Anahisi mtikisiko wa ardhi, na ukikanyaga kwa nguvu atanyamaza hadi uchoke wewe. Watoto wachungaji wanalijua hilo vizuri kuliko vitabu.

Wakati huohuo ng'ombe wanarudi zizini, na njia waliyopita ina mavi mabichi. Usiyaruke, simama uangalie. Ndani ya dakika chache utawaona mbawakavu wa mavi wakishuka kutoka hewani, wengine wakizama moja kwa moja, wengine wakikata donge na kuliviringisha kinyumenyume kwa miguu ya nyuma. Rekodi ya umati wa wadudu hawa iliwekwa jirani, Tsavo nchini Kenya, na kuandikwa mwaka 1974: kilo moja na nusu ya mavi ya tembo iliwavuta wadudu 16,000, na baada ya saa mbili hapakuwa na cha kuvutia tena. Nimewahi kuona harusi zenye wali mwingi zikimalizika polepole kuliko hapo.

Rekodi ya nguvu nayo iko kwenye ukoo huu. Mwaka 2010 watafiti Robert Knell na Leigh Simmons walimpima dume wa Onthophagus taurus na kumkuta akivuta uzito mara 1,141 ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama kuvuta tani 80. Taurus mwenyewe asili yake ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, lakini jenasi ya Onthophagus imejaa tele Afrika, na popote penye ng'ombe wapo. Nguvu hizo si za kubebea chakula. Ni za ugomvi: madume hukutana ndani ya mashimo membamba chini ya mavi, wakasukumana pembe kwa pembe, na anayesukumwa nje amekosa mke.

Ila rekodi ninayoipenda kuliko zote katika ukoo huu ni ya kusoma ramani. Anayeviringisha donge lake anataka kuondoka kwenye umati kwa mstari ulionyooka, la sivyo atazunguka na kurudi palepale wenzake wanapogombania. Mchana anatumia jua, usiku anatumia mwezi. Na usiku usio na mwezi? Mwaka 2013 Marie Dacke wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, na wenzake waliwaingiza mbawakavu wa aina ya Scarabaeus satyrus kwenye jumba la kuonyeshea nyota jijini Johannesburg. Katika jaribio la nje, wengine walivalishwa vikofia vya karatasi wasione juu. Waliovalishwa walitangatanga. Walioona ule ukanda mweupe wa nyota ukatao anga, ambao wataalamu huuita Njia Nyeupe, walinyoosha. Alikuwa mnyama wa kwanza kuthibitishwa kuwa anajiongoza kwa Njia Nyeupe. Mwaka huohuo watafiti walipewa ile tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, ambayo huenda kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Samuye mbali na taa za mji, mbingu hiyo unaionea bure.

Pasipo mbawakavu waliozoea mavi ya ng'ombe, mambo huharibika. Australia, ambako ng'ombe waliletwa na wazungu na mbawakavu wa kienyeji walikuwa wamezoea mavi ya kangaruu, ilijikuta imefunikwa na mavi na nzi. Kuanzia miaka ya 1960 mwanasayansi George Bornemissza aliongoza mradi wa kuwachukua mbawakavu kutoka Afrika na kwingineko na kuwapeleka huko, na hadi leo wanafanya kazi. Kwa hiyo mfugaji wa Kisukuma anayelalamika kwamba hana kibarua wa kusafisha malisho hajatazama chini vizuri.

Kichuguu kinahitaji muda. Usikipite.

Ndani yake yuko mama anayeongoza kwa uzazi. Malkia wa mchwa wa jenasi ya Macrotermes, wale wanaojenga vichuguu vikubwa vya nchi hii, ana tumbo lililovimba hata anafikia urefu wa sentimita kumi hivi, hawezi kutembea, na anaweza kutaga hadi mayai 30,000 kwa siku moja. Piga hesabu: ni yai moja takriban kila sekunde tatu, usiku na mchana, na huenda akafanya hivyo kwa miaka mingi. Mfalme yuko pembeni yake maisha yote, jambo ambalo nyuki na siafu hawana, kwani madume yao hufa mapema. Siafu, tukiwataja, nao wana taji: malkia wao ndiye mkubwa kuliko malkia wote wa jamii ya sisimizi, zaidi ya sentimita tano.

Kichuguu kirefu kuliko vyote kilichowahi kuandikwa kilikuwa Kongo, mita 12.8. Vya Samuye havifiki huko. Vingi vinamzidi mtu kimo na basi. Kilicho cha ajabu kiko chini. Mchwa hawa hawawezi kumeng'enya miti na nyasi kavu peke yao, kwa hiyo wanalima. Wanatafuna majani, wanajenga masega, na juu ya masega wanaotesha kuvu wa jenasi ya Termitomyces. Kilimo hicho kina umri wa miaka milioni 30 hivi, muda ambao binadamu hajaukaribia. Mvua zikinyesha, kuvu hao hutoa uyoga unaochomoza kwenye kichuguu, nasi tunauchuma kana kwamba tumeupanda sisi. Ndugu yao mmoja, Termitomyces titanicus wa Zambia, ana kofia inayoweza kufika mita moja kwa upana, na ndiye uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa.

Na kwa kuwa tuko kwenye ukanda ambao kila kijana amewahi kuwaza kwenda machimboni Kahama au Geita, kuna rekodi nyingine ya mchwa isiyoandikwa vitabuni kama rekodi: ndiye mchimbaji wa zamani kuliko wote. Akitafuta maji na udongo wenye unyevu hushuka mita nyingi chini, na kila punje anayoipandisha inakuwa sampuli ya kilichoko huko. Mwaka 2012 watafiti wa shirika la sayansi la Australia, CSIRO, waliripoti kwamba viota vya mchwa juu ya mwamba wa dhahabu vilikuwa na dhahabu nyingi kuliko udongo wa kawaida. Botswana habari ni kubwa zaidi. Mgodi wa Jwaneng, unaotajwa kuwa tajiri kuliko migodi yote ya almasi kwa thamani, ulikuwa umefunikwa na mchanga mzito wa Kalahari. Kilichowafumbua macho watafutaji mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni punje za madini yanayoambatana na almasi, ambazo mchwa walikuwa wamezipandisha juu. Mwadui, mkoani Shinyanga hapahapa, haukuhitaji msaada huo. John Williamson aliugundua mwaka 1940, na mwamba wake wa almasi, wenye eneo la hekta 146, ni miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani. Hata hivyo, kama ningekuwa na leseni ya utafiti na fedha kidogo za maabara, ningeanza na vichuguu.

Kumbikumbi hutawaona Mei. Hao ni wa mvua za kwanza, Novemba na Desemba, wakati taa moja na ndoo ya maji vinatosha kuipatia familia kitoweo.

Angalia juu sasa, kabla mwanga haujaisha. Kereng'ende wa rangi ya manjano wanaoelea juu ya nyasi kwa makundi, hawatui, ni Pantala flavescens, na wanashikilia rekodi ya safari ndefu kuliko zote za wadudu. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldives, alijiuliza kwa nini kila Oktoba visiwa hivyo visivyo na mito vinajaa kereng'ende ghafla. Mwaka 2009 alichapisha jibu: wanatoka India na kuvuka Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki wakifuata pepo za mvua, kisha vizazi vyao hurudi. Mzunguko mzima alikadiria kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, nao unakamilishwa na vizazi vinne. Hakuna hata mmoja anayeuona mwanzo na mwisho. Hawahitaji ziwa. Dimbwi la mvua linatosha, kwa sababu mtoto wao hukua haraka sana na kuondoka kabla maji hayajakauka. Kila anayejua mbuga za Usukuma zinavyojaa maji Februari na kukauka Juni ataelewa kwa nini wanapapenda.

Nzige ni jirani mwenye sifa mbaya zaidi. Januari 2020 kundi moja la nzige wa jangwani kaskazini mashariki mwa Kenya lilipimwa kilomita 60 kwa 40, yaani kilomita za mraba 2,400. Shirika la FAO hukadiria kwamba kilomita moja tu ya mraba ya nzige waliokomaa inaweza kula kwa siku chakula cha watu 35,000. Kundi kubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa, hata hivyo, lilikuwa Marekani mwaka 1875, na aina hiyo ya nzige sasa imetoweka duniani. Mara ya mwisho kuonekana hai ilikuwa 1902. Tanzania ina nzige wake, mwekundu, Nomadacris septemfasciata, na moja ya sehemu anazozaliana ni mbuga ya Wembere, kusini mashariki mwa hapa. Baa lake la kuanzia 1930 hadi 1944 lilienea sehemu kubwa ya kusini mwa bara. Mwaka 2009 alipoanza kuongezeka tena kwenye mbuga za Katavi, Rukwa na Malagarasi, alinyunyiziwa kuvu anayeua nzige bila kudhuru wanyama wengine, na baa likazimwa kabla halijaanza.

Giza likishaingia, tundika shuka kati ya miti miwili na uwashe taa nyuma yake. Watakuja nondo. Ukiwa na bahati atakuja Xanthopan morganii, nondo mkubwa wa kijivu anayepatikana Afrika Mashariki, ambaye ndugu yake wa Madagaska ana ulimi mrefu kuliko wa mdudu yeyote: sentimita 28.5. Charles Darwin alitabiri kuwepo kwake mwaka 1862 baada ya kuona ua lenye mrija mrefu kupita kiasi. Nondo alielezwa mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Usubi wanaokukera masikioni nao si wa kudharau: usubi wa jenasi ya Forcipomyia alipimwa akipiga mbawa mara 1,046 kwa sekunde, na hakuna mnyama aliyemfikia. Kimulimuli kwa miaka mingi alisifiwa kwamba nishati yake karibu yote inageuka mwanga. Vipimo vya Japani vya mwaka 2008 viliishusha sifa hiyo hadi asilimia 41. Bado anaongoza kwa viumbe wang'aao.

Kuhusu mbu nitasema kifupi, kwa kuwa kila msomaji ana rekodi yake mwenyewe. Hakuna mnyama anayeua watu wengi kumzidi. Malaria peke yake huua karibu watu 600,000 kwa mwaka, wengi mno wakiwa watoto wa Afrika, na Shinyanga ni kati ya mikoa yenye maambukizi ya juu nchini. Vaa mikono mirefu.

Sasa bingwa wa Shinyanga hasa, ambaye jioni hii Samuye hutamwona: mbung'o. Ni mdudu wa mchana, na vichaka vyake hapa vilifyekwa zamani. Uzazi wake ni kinyume cha ule wa malkia wa mchwa. Jike hubeba buu mmoja tu tumboni, akamlisha maziwa kutoka tezi zake, na kumzaa kila baada ya siku tisa au kumi akiwa mzito karibu sawa na mama. Buu hujichimbia ardhini na kuwa bundo, lile ganda gumu ambamo hugeuka inzi. Mdudu anayezaa polepole namna hii alitosha kuizuia mifugo isiingie eneo kubwa la Tanganyika.

Aina moja, Glossina swynnertoni, inapatikana kaskazini mwa Tanzania na kipande cha kusini mwa Kenya tu. Jina linamkumbuka Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o makao yake makuu yakiwa Shinyanga, hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Kuanzia miaka ya 1920 watemi wa Usukuma waliwatoa watu kwa maelfu kufyeka na kuchoma vichaka, ili mbung'o akose kivuli. Mbinu ilifaa, na nchi ikabaki uchi.

Wakati wengine wakishika mashoka, mtafiti mmoja wa kituo cha Old Shinyanga, F. L. Vanderplank, alikuwa akichezea ndoa. Aligundua kwamba mbung'o swynnertoni akipandana na mbung'o wa aina ya morsitans, machotara wao ama ni tasa ama wanazaa kwa shida. Mwaka 1944 akaanza kumwaga mabundo ya morsitans kwenye eneo la kilomita za mraba 26 hivi lililokuwa na swynnertoni tu. Kwa miezi saba alimwaga zaidi ya laki moja. Swynnertoni wakakaribia kuisha kabisa, na morsitans walioletwa hawakuweza kudumu kwenye ukame ule, kwa hiyo nao wakafifia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza duniani utasa ulitumika porini kumshinda mdudu, ingawa matokeo yake kamili hayakujulikana sana kwa miongo mingi. Wamarekani waliokuwa wakimtokomeza inzi wa vidonda kisiwani Curaçao kwa madume waliotasishwa kwa mionzi, na ambao ndio husifiwa vitabuni, walifanya hivyo mwaka 1954. Unguja walifuata: zaidi ya madume milioni 8 waliofugwa Tanga walimwagwa kutoka angani, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Kama Shinyanga ingekuwa na makumbusho ya sayansi, chumba cha kwanza kingekuwa cha kazi hiyo ya 1944, almasi zikae cha pili.

Vanderplank ana kumbukumbu nyingine. Usubi aitwaye Polypedilum vanderplanki hutaga kwenye vidimbwi vya juu ya miamba barani Afrika. Dimbwi likikauka, buu wake hukauka naye hadi kubaki karibu bila maji. Wamewahi kukaa hivyo miaka 17, wakatiwa majini, wakaamka. Wamestahimili nyuzi 102 za joto kwa dakika moja na baridi ya nyuzi 270 chini ya sifuri. Hakuna mdudu mwingine aliyefika hapo.

Miti iliyofyekwa kwa sababu ya mbung'o ilianza kutafutwa tena mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mradi uliamua kufufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza na kuifungua kiangazi kikikaza. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zilipita hekta 300,000 katika miaka isiyofika ishirini, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa mtafuta wadudu, ngitili ni bora kuliko mbuga iliyolishwa, kwa kuwa nyasi ni ndefu, magogo yameachwa yaoze na maua hayajaliwa. Lakini pita kwanza kwa mwenye nayo au kwa serikali ya kijiji. Ng'ombe akikamatwa ndani kabla ya wakati hulipiwa faini, na mtu mwenye tochi na shuka jeupe saa mbili usiku atahojiwa na sungusungu kabla hajaulizwa jina.